Kichwa cha treni kimeacha kutoa moshi: angalia mafuta kwanza

Ndugu uliyeuliza kwa nini kichwa cha treni yako ya mfano hakitoi moshi tena, na kama unaweza kukitilia mafuta ya taa: mafuta ya taa usiyatie kabisa. Yanashika moto upesi, na mota iliyo jirani inatoa cheche kwenye brashi, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake. Tumia mafuta maalumu ya moshi, hata kama ni lazima uagize ng'ambo na usubiri.

Kifaa cha kutoa moshi kilicho ndani ya kichwa hakichomi kitu. Vile vidogo vya kampuni ya Seuthe vina mrija mwembamba wenye waya wa joto. Mafuta yanageuka mvuke, mvuke ukikutana na hewa baridi unakuwa vitone vidogo mno, na hivyo ndivyo tunavyoviita moshi. Ndiyo maana ukikijaza hadi juu kinanyamaza: mrija umeziba, na waya haupati nguvu ya kuchemsha mafuta yote hayo. Wengi hufika hapo wakadhani kimeungua wakakitupa, na inaniuma sana. Nunua bomba la sindano kwa chemisti, nyonya ya ziada, bakisha matone machache, washa tena.

Vile vikubwa vya kampuni za Lionel na MTH ni habari nyingine. Humo mna feni, rezista inayopata joto umeme ukipita, na utambi wa nyuzi uliolowa mafuta. Adui yake ni ukavu. Ukiendesha bila mafuta, utambi unaungua, unakuwa mweusi na mgumu, na haunyonyi tena hata uumwagie chupa nzima. Fungua, toa ule mweusi, weka mpya wa nyuzi zinazostahimili joto. Pamba ya kawaida haifai, itaungua. Siku usiyotaka moshi, zima swichi yake.

Rezista ipime kwa mita ya kupimia omu, yaani ukinzani wa umeme. Ikiwa imekatika, Luthuli Avenue, Nairobi, utapata nyingine, ila iwe na omu na wati zile zile. Usishawishike kuweka ya omu chache ili moshi uwe mzito. Umeme utaongezeka na joto litayeyusha plastiki. Moshi mweusi kama wa Mount Gelai, ile treni halisi ya mvuke namba 5918 iliyopo Makumbusho ya Reli, Nairobi, hutaupata kwa njia yoyote. Ile ilichoma mafuta mazito. Hiki chetu hutoa mweupe tu.

Kama seti yako ni ya Marekani, transfoma yake ni ya volti 120. Usiichomeke moja kwa moja kwenye volti 240 zetu; tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Baada ya kucheza, futa reli na magurudumu kwa spiriti. Moshi huacha utando wa mafuta, magurudumu yanateleza na umeme haupiti vizuri. Dirisha liwe wazi muda wote.

Tuandikie kichwa chako ni cha kampuni gani na kinatumia volti ngapi. Kama ni cha dijitali, taja na dekoda, yaani kile kifaa cha ndani kinachopokea amri, maana huenda moshi umezimwa huko tu.