Sawa si jibu: niliyojifunza kwenye stoo ya mahindi Busia

Mleta uzi, nimekusoma. Una miezi mitano kwenye bohari huko Kampala, msimamizi wako amekuandikia kwenye fomu ya tathmini kwamba mawasiliano yako ni dhaifu, na unauliza kama ulipe ada ya kozi ya kuzungumza mbele ya watu. Walionitangulia wamekuambia usimame wima, umtazame mtu machoni, upunguze "eeh" na "mmh". Sina ugomvi nao. Ila mimi nimekuwa karani wa nafaka Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, miaka kumi na kitu sasa, na katika hasara zote nilizosababisha kwa mdomo wangu hakuna hata moja iliyotokana na kutosimama wima.

Ya kwanza ililetwa na tarakimu moja. Stoo ilikuwa imejaa, magunia 60 yamepangwa nje juu ya turubai. Nikamtumia dereva ujumbe: "Kesho njoo upakie 3." Kwangu mimi hiyo ni saa tatu asubuhi. Dereva simu yake iko kwa Kiingereza, saa yake ya mkononi anaisoma kwa Kiingereza, akaelewa saa tisa alasiri. Ajabu ni kwamba kwa mdomo tusingekosana. Kiswahili ni saa tatu, Kiganda ni ssaawa ssatu, wote tunahesabu kuanzia macheo. Lakini tarakimu haina lugha, kila mtu anaisoma kwa lugha iliyomo kichwani mwake. Akanijibu "sawa", nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Kesho yake saa saba mvua ikashuka. Magunia ya chini yalilowa hadi yakavimba, na mshahara wangu ukakatwa miezi miwili.

Angalia ile "sawa" yake. Hakunidanganya. Alikubali kweli, ila alikubali kitu ambacho mimi sikukisema.

Ya pili ni ya deni, na hii naisimulia polepole kwa sababu iliniuma zaidi. Mzee mwenye stoo alinituma Kisenyi, kule kwenye vinu vya kusaga, kwa mama mmoja aliyechukua mahindi yetu kwa mkopo. Nimefika nimechoka na safari, nimebanwa kwenye matatu toka Busia, nikamkuta anahesabu magunia. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha mpakani: "Mama, habari. Nimetumwa pesa, lete leo." Akanitazama, akasema kwa Kiganda, "Kale, ssebo," yaani sawa, bwana, akaendelea kuhesabu. Nikampigia mzee simu kumwambia mama amekubali. Wiki mbili, hakuna hata shilingi.

Mtu wa Kampala akisema "kale" anaweza kuwa amekubali. Anaweza pia kuwa amekusikia tu, au anakuambia maneno yameisha, nenda. Unaijua kwa sauti na kwa mazingira, na mimi masikio yangu yalikuwa yanatafuta pesa, hayakusikia kingine.

Na kuna jambo la pili ambalo nyinyi vijana mtalisahau. Kwetu Busia Kiswahili ni lugha ya soko, tunataniana nacho. Lakini watu wazima wengi wa Kampala walikutana nacho kwanza mdomoni mwa mwenye bunduki. Kilitembea na askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza, enzi za mkoloni, kikabaki jeshini na polisi, Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwenye kizuizi cha barabarani kilikuwa na vitenzi vitatu: simama, shuka, toa. Najua katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, najua pia baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri. Lakini "lete leo" yangu ilipofika kwa yule mama haikufika kama ombi la karani. Ilifika kama kizuizi.

Mzee mwenyewe akaenda. Nilikuwa nyuma yake nimebeba daftari. Akaanza na salamu za Kiganda, wamelalaje, watoto wako wapi, kinu kile kilichoharibika kimepona? Dakika kumi na zaidi, pesa haijatajwa. Mimi nilikuwa naona tunapoteza muda. Kisha akasema kwa upole kwamba na yeye ana wakulima wanamdai, akauliza: "Nyabo, nikiwaambia waje lini sitakuwa muongo?" Mama akataja Ijumaa, kwa mdomo wake, na kiasi akakitaja yeye. Nusu alilipa siku ile ile.

Miaka baadaye nikasoma habari ya ndege mbili za Boeing 747 zilizogongana uwanjani Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu. Rubani wa moja akadhani ameruhusiwa kuruka, msaidizi wake akasema redioni maneno ambayo kwenye mnara wa kuongozea ndege yangeweza kueleweka kwamba wako tayari, au kwamba wameshaanza. Mnara ukajibu "okay", kisha ukaongeza wasubiri. Ndege nyingine ikaongea wakati huo huo, redio ikapiga kelele, yale ya kusubiri hayakusikika vizuri. Ikabaki "okay". Baada ya pale kanuni za maneno ya redioni zilikazwa: neno la kuruka lisitajwe ovyo, na rubani arudie maagizo aliyopewa, asiitikie tu. Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Ni "sawa" ya dereva wangu ile ile, ila yangu ililowesha mahindi tu, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo kama unataka kitu kimoja cha kuanza nacho: usihesabu umesema mpaka uyasikie yale yale yakirudi kutoka kwa mwenzako. Tiki mbili za buluu si jibu. Kidole gumba si jibu. (Na ujumbe wa sauti wa dakika nne si mawasiliano kabisa, hiyo ni redio.)

Shida ni kwamba kwetu huwezi kumwambia mtu mzima "haya, rudia nilichosema". Umemfanya mwanafunzi. Mimi najitwisha lawama mwenyewe: "Mzee, leo nina usingizi, nisije nikawa nimekueleza vibaya. Tunaanza kupakia wapi?" Akitaja Tororo na mimi nilisema Iganga, tunacheka, tunarekebisha. Na ninapotumwa mimi narudia bila kuombwa: "Kwa hiyo niende Iganga, nipime, nisilipe mpaka nikupigie." Mzee huwa anaguna tu, lakini mara nyingine ananikatiza: "Hapana, lipa nusu." Hiyo nusu nisingeijua.

Habari ikipita kwa watu watatu ndiyo balaa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti, mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi kiwango chao. Sisi tukamwambia dalali: hayavuki bila cheti. Dalali akamwambia mwenye pikipiki, mwenye pikipiki akafika kijijini na neno moja: hayavuki. Mkulima wetu mmoja akayauza kwa bei ya kutupa siku ile ile. Lile "bila cheti" lilidondoka njiani, na hakuna aliyedanganya.

Kuhusu kozi: niliwahi kulipiwa semina, mtoa mada akatuambia asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, maneno ni 7 tu. Hesabu hiyo ilitoka kwa majaribio ya Albert Mehrabian mwaka 1967, kuhusu mtu anayetamka neno la hisia huku sauti au uso ukilipinga. Haikuhusu kumpa dereva saa ya kupakia. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ningenyoosha kidole tu na mahindi yangefika Nairobi.

Kabla hujalipa ada, mwendee msimamizi wako, si wakati lori linashusha. Msalimie kwanza. Usimuulize "nina kasoro gani", atakupa neno lingine kubwa kama lile la kwenye fomu. Mwombe akutajie siku moja, mzigo mmoja, ambapo alitegemea kusikia kitu kutoka kwako akakikosa. Nadhani utakuta hakutaka uongee vizuri, alitaka umwambie mapema magunia yamepungua. Ukijua ni siku ipi, rudi hapa utuambie.