Herufi W, taji na 15 kwenye singe ya babu

Ndugu, umeuliza kama W yenye taji, na 15 chini yake, kwenye mgongo wa singe ya Kijerumani ya babu ni jina la aliyeitengeneza. La. Huo ni muhuri wa kupokelewa jeshini: W ni Wilhelm, 15 ni mwaka 1915. Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na falme kadhaa: mara nyingi anakusudiwa mfalme wa Prussia, ila hata mfalme wa Württemberg aliitwa Wilhelm, basi usiape. Ufalme wa Bavaria waligonga L ya Ludwig, mfalme wao.

Jina la kiwanda litafute ubavuni mwa kisu, pale kinapokutana na mpini. Pangusa taratibu, uelekeze tochi kwa mshazari. Herufi zilizolala utaziona zinaamka.

Halafu pima kisu chenyewe. Kikiwa kama sentimita 37 na kinapanuka kuelekea nchani, hiyo ni aina iitwayo S98/05. Kama 25, nyembamba, ni aina ya S84/98. Meno ya msumeno mgongoni? Mengi yalisagwa kuelekea mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo mgongo uliokwanguliwa si lazima uwe ubovu.

Ukiona K.S., tulia kwanza: Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la makoloni ya Ujerumani. Wauzaji wanaipenda alama hiyo kuliko kawaida, na kugonga herufi mbili ni kazi ya dakika moja. Alama ya zamani huwa na kutu ndani ya mifereji yake. Ikimeta kama kijiko kipya, mimi nisingetoa hela.

Na tafadhali, msasa usiuguse. Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya mashine vinatosha.