Wifi, chungu hakijipikii, na shamba msiuze

Wifi yangu, ujumbe wako wa sauti kwenye grupu la familia nimeusikia leo Jumapili asubuhi, nimekaa kitandani na viatu bado viko miguuni. Umesema umepata habari kwamba mimi huku Brooklyn, New York, nalipwa dola kwa kukaa kwenye nyumba ya Wayahudi siku tatu mfululizo, nikitazama chungu cha umeme kinachojipikia chenyewe. Na kwamba kaka amekubali lile shamba la michungwa la Muheza liuzwe, binti yenu aache kazi zahanati, wakala wa kumleta huku alipwe, anifuate. Nimekasirika, sikufichi. Nilitaka kunyamaza, lakini nikinyamaza mtauza.

Chungu kipo, hilo ni kweli. Bibi ninayemtunza ana miaka 91, anakaa mtaa wa Borough Park, na ni Myahudi anayeishika dini hasa. Siku ya Sabato, tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, hawawashi moto, hawauzimi, hata swichi ya taa hawagusi. Siku za sikukuu zao kubwa kupika kunaruhusiwa, ila kwa moto uliowashwa kabla sikukuu haijaingia, na kwa chakula cha siku hiyohiyo. Sasa mwaka huu wa 2024 sikukuu zimeangukia Alhamisi na Ijumaa, na Sabato ikapokea hapohapo. Mwaka Mpya wao ulikuwa tarehe 3 hadi 5 Oktoba. Sikukuu ya Vibanda ikaanza tarehe 17, nayo ikaungana na Sabato ya tarehe 19. Halafu hii ya mwisho, 24 hadi 26, ambayo nimetoka kazini jana usiku. Mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Jumatano mchana binti yake, mama mtu mzima mwenye wajukuu, huja kutayarisha. Supu ya kuku ya usiku wa kwanza inaingia kwenye chungu. Pembeni anaweka mkate na yai la kuchemsha na kuviombea dua, maana bila hivyo Ijumaa wasingeruhusiwa kuandaa chakula cha Jumamosi. Mimi naweza kumenya viazi, naweza kuosha shayiri, naweza kubeba chungu kizima. Kukiwasha siruhusiwi. Chakula kilichopikwa na asiye Myahudi hawali, kwa hiyo moto lazima uwashwe na mmoja wao. Kitufe anakizungusha bibi mwenyewe, kwa kidole kinachotetemeka, mimi nimemshika kiwiko. Kisha kinafunikwa kwa karatasi ya foili, mtu asije akakigusa kwa kusahau. Dakika 18 kabla jua halijazama mishumaa inawashwa, na kuanzia hapo chungu kinawaka hadi nyota zionekane Jumamosi usiku.

Ijumaa alasiri, kama supu imekwisha, yanaingia maharage, shayiri, viazi na nyama ya ng'ombe. Vinatakiwa viwe vimeiva kiasi cha kulika kabla Sabato haijaingia, halafu vinalala humo usiku kucha. Chakula chenyewe kinaitwa cholent. Saa nane za usiku harufu yake inajaa nyumba nzima, na kila mara namkumbuka mama alivyokuwa akiyaacha maharage kwenye makaa yaliyofukiwa majivu. Hata chungu hiki kimezaliwa na chakula hicho: aliyekibuni, Irving Naxon, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1940, alisimuliwa na mama yake jinsi watu wa mji wa Vilna, huko Lithuania, walivyokuwa wakipeleka vyungu vyao Ijumaa kwenye tanuri la mwoka mikate na kuvifuata kesho yake. Nakueleza haya usije ukadhani nawadharau. Siwadharau. Nimeishi na watu wanaomwogopa Mungu hata jikoni, na nimejifunza.

Nilijifunza kwa aibu, lakini. Mwaka wangu wa kwanza, Ijumaa usiku, nilichomoa waya wa chungu nichemshe maji ya chai, nikasahau kuurudisha. Alfajiri nikakikuta kimepoa, nikauchomeka tena haraka. Walipotoka sinagogi mchana kilikuwa kinatokota. Sikuweza kuwadanganya, nikasema. Yule binti alifunika chungu, akaniambia taratibu kwamba hawawezi tena kukila chakula kile, wakaishia kula samaki baridi na mkate, wageni saba mezani. Usiku Sabato ilipotoka alimwaga kilo kadhaa za nyama. Hakunigombeza hata neno moja. Alisema ni wao waliotakiwa kunionyesha mapema. Nilikaa bafuni nikalia, nikifikiria nyama ile ingelisha watu wangapi nyumbani.

Kwa hiyo chungu silipwi kukitazama. Ninayemtazama ni bibi. Namgeuza, namwogesha, namshika asianguke anapotaka kwenda chooni usiku, na siku hizo binti yake hapokei simu. Chakula changu nakuja nacho, nakila baridi siku tatu, kwa sababu vyombo vyao vya nyama na vya maziwa havichanganywi na wala havigusi sahani yangu. Hilo nimelizoea.

Ambalo sijalizoea ni saa. Hapa New York mtu wa kazi yetu akikaa ndani ya nyumba saa 24, anaweza kulipwa 13 tu. Inahesabiwa kwamba saa 8 amelala, tano kati yake bila kuamshwa, na saa 3 amekula. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ililikubali hilo. Kima cha chini chetu hapa jijini mwaka huu wa 2024 ni dola 18.55 kwa saa. Siku tatu ni saa 72, malipo ni ya saa 39: dola 723 na senti 45, kodi haijakatwa. Usipopata zile saa tano za usingizi, saa zote nane zinatakiwa zilipwe. Ndivyo kanuni inavyosema.

Usiku wa kwanza wa Sikukuu ya Vibanda bibi aliniamsha mara nne. Saa sita, saa nane kasoro, saa tisa, saa kumi na moja. Niliandika hivyohivyo kwenye fomu. Wakala ninayemfanyia kazi akanirudishia, akasema niandike upya kwamba nililala. Nikaandika nililala, nikatia sahihi. Wifi, siku ile asubuhi ulikuwa umenitumia risiti ya ada ya mtoto wako wa pili, na kama ningebishana ningekaa wiki bila kupangiwa kazi. Sikulaumu wewe. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Lakini kila nikisikia kwamba nalala juu ya dola, naiona ile fomu.

Shamba msiuze. Michungwa ile baba aliipanda kwa mikono yake, na wakala anayetaka fedha kabla hajaonyesha karatasi yoyote ni mwizi, hata akiwa na ofisi mjini. Binti asiache zahanati. Mwambie shangazi yake amesema asije.

Na kama moyo wake umeshakataa kutulia, basi asije kwa njia yangu. Amalize masomo yake ya uuguzi, aombe vyeti vyake vithibitishwe, ajiandae kwa mtihani wa leseni unaoitwa NCLEX, aje kama muuguzi mwenye karatasi. Itamchukua miaka, na iwe miaka. Akifika atalala kwangu, kitanda kipo, kodi sitamdai hata senti. Koti nitamnunulia mimi. Ila asinifuate kwenye kazi hii, na akipewa fomu aandike alilala ilhali hakulala, asiandike. Mimi niliandika, yeye asiandike.

Wala usimwambie kwamba nateseka tu, si kweli. Jana nyota zilipotoka bibi alizima chungu mwenyewe, akashika shavu langu kwa mkono wake wa moto, akaniambia kwa Kiyidishi, lugha yao, neno ambalo binti yake alinitafsiria: niende nikapumzike, nimefanya vya kutosha. Natamani ningeweza kumletea mama neno hilo.

Ada ya Januari nitatuma Ijumaa. Kabla kaka hajatia sahihi popote, nipigieni kesho Jumatatu saa mbili usiku kwa saa za huko. Kwangu itakuwa saa saba mchana, bibi anakuwa amelala.