Maswali ya Wasomaji: Printa ya Zamani, Ruta Mpya

SWALI: Ndugu wahariri, printa yetu ya waifai imetufaa kwa miaka mingi. Tumebadilisha ruta, na sasa jina la mtandao halionekani kabisa kwenye kioo cha printa, ingawa simu zote nyumbani zinauona. Tununue nyingine?

JIBU: Msinunue. Printa ni nzima, ila haisikii mawimbi ambayo ruta mpya inarusha. Printa nyingi za zamani zina redio ya masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta za sasa hurusha GHz 2.4 na GHz 5, mara nyingi kwa jina moja, na baadhi huja na ulinzi wa WPA3 ambao printa yenu haikuwahi kufundishwa. Kimojawapo kinaweza kuifungia nje.

Fungueni kivinjari, muandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta (kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1), muingie kwenye mipangilio ya waifai. Hakikisheni GHz 2.4 imewashwa, kisha muipe jina lake, tofauti na la GHz 5. Ulinzi uwe WPA2 kwa AES (njia ya kusimba data). Hali ya mseto ya WPA2 na WPA3 mnaweza kuijaribu, lakini printa ikiikataa, bakini na WPA2 pekee. Kushuka hadi WEP, ulinzi wa kizamani uliokwisha kuvunjwa, au kuacha mtandao bila nenosiri, hatukushauri hata kidogo. Halafu tazameni chaneli: ruta ikiachiwa ijichagulie, inaweza kuangukia 12 au 13, na zipo printa zisizozifikia chaneli hizo. Wekeni 1, 6 au 11, upana MHz 20.

Sasa rudini kwenye printa, mfungue menyu ya mtandao, mchague jina jipya na kuandika nenosiri. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na hapo ndipo wengi hukwama. Kama printa haina kioo, tumieni WPS, yaani kuunganisha kwa kitufe bila kuandika nenosiri: bonyezeni kitufe cha ruta, kisha cha printa kabla ya dakika 2 kuisha. WPS haifanyi kazi pamoja na WPA3, kwa hiyo kitufe kisipoitikia, rudini kwanza kwenye ulinzi.

Simu ikiwa kwenye GHz 5 na printa kwenye GHz 2.4, zitaonana bila taabu, maana ruta ndiyo inayoziunganisha. Kinachozitenganisha ni mtandao wa wageni. Huo umeundwa makusudi ili vifaa visionane, basi printa msiiweke humo.

SWALI: Leo inachapa, kesho kompyuta inasema printa haipo mtandaoni. Tukizima kila kitu na kuwasha tena, inarudi. Tatizo ni nini?

JIBU: Mara nyingi ni anwani. Ruta huazimisha kila kifaa anwani ya IP kwa muda tu. Printa ikilala usiku kucha inaweza kuamka na anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani.

Dawa ni kuifanya anwani iwe ya kudumu. Chapeni ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, mtafute humo anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao, yenye tarakimu na herufi 12. Kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), iwekeeni MAC hiyo anwani moja, tuseme 192.168.1.50. Zimeni printa na kuiwasha. Sisi hupendelea njia hii kuliko kuandika anwani ndani ya printa, kwa sababu ruta ndiyo inayojua anwani zipi zimeshagawiwa.

Kwenye Windows, fungueni sifa za printa, sehemu ya milango (Ports). Mkikuta mlango wa WSD, ambao Windows huutafutia printa yenyewe, ongezeni mpya wa aina ya Standard TCP/IP wenye anwani ile ya kudumu. Ikiwa bado inaonekana haipo ilhali inachapa, ingieni kwenye usanidi wa mlango huo na kuondoa tiki ya SNMP. Windows hutumia SNMP kuuliza hali ya printa, na isipojibiwa huihesabu kuwa haipo.

SWALI: Printa ina tundu la kebo ya mtandao. Tulitumie?

JIBU: Ndiyo, kama ruta iko karibu. Simu zitaendelea kuchapa bila waya kupitia ruta. Kwenye printa nyingi, kebo ikichomekwa waifai hujizima, na anwani ya MAC ya kebo ni tofauti, hivyo rudieni kuitengea anwani.

SWALI: Tuna printa ya leza ya USB tu, haina waifai. Je, simu zinaweza kuitumia?

JIBU: Zinaweza, mkiweka kompyuta ndogo katikati. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja, inatosha, hata kompyuta kuukuu yenye Linux. Unganisheni printa kwa waya wa USB, kisha kwenye Pi andikeni amri hizi za kuweka CUPS, programu ya Linux ya kuchapa:

sudo apt install cups avahi-daemon printer-driver-gutenprint
sudo usermod -aG lpadmin JINA (badala ya JINA andikeni jina lenu la mtumiaji)
sudo cupsctl --share-printers --remote-admin

Kutoka kompyuta nyingine fungueni kwenye kivinjari anwani ya Pi kwa mlango 631 (https://anwani-ya-Pi:631). Kivinjari kitaonya kuhusu cheti. Ni kawaida, kwa kuwa Pi imejitengenezea cheti chake. Ongezeni printa na kuweka tiki ya kuishiriki. Mkiisahau tiki hiyo, ni Pi pekee itakayoweza kuchapa, na simu hazitaona kitu. Avahi ndiyo inayoitangaza, hivyo iPhone huiona kama printa ya AirPrint, na Android kuanzia toleo la 8 huiona kupitia huduma yake ya kuchapa.

Kabla ya kununua Pi, tafuteni kwanza draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Baadhi ya watengenezaji hutoa draiva za Linux kwa prosesa za Intel na AMD pekee, nazo haziendeshwi kwenye Pi, ambayo ni ya ARM. Printa inayoelewa PostScript au PCL, lugha za kawaida za printa, kwa kawaida haina shida. Zenye mashaka ni zile za bei ya chini zinazotegemea kompyuta iwapangie kila nukta ya ukurasa. Kwa hizo, kompyuta kuukuu yenye prosesa ya Intel ni chaguo salama zaidi.