Maswali ya Wasomaji: Chaja Janja ya Kutunza Betri ya Gari

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, lakini kazi yangu iko mgodini mkoani Geita, ambako hukaa wiki sita kabla ya kurudi nyumbani kwa mapumziko ya wiki mbili. Nina gari aina ya Toyota IST lenye betri ya NS60. Kila nirudipo nalikuta halina hata nguvu ya kufungua milango kwa rimoti, na fundi wa mtaani huja kulibusti kwa gari lake. Kwa miaka mitatu nimenunua betri tatu. Mke wangu huliwasha kila Jumapili kwa dakika kumi bila kulitoa getini, na haisaidii. Nimeshauriwa kununua chaja janja, lakini dukani Kariakoo nimeoneshwa za ampea 2 hadi 20, na muuzaji anasisitiza kwamba kubwa ndiyo bora. Nichague ipi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji amekujibu swali ambalo hukumuuliza. Idadi ya ampea hueleza jinsi chaja inavyoweza kuijaza betri kwa haraka, lakini haisemi lolote kuhusu itakachofanya baada ya betri kujaa, na kwako wewe unayeondoka kwa siku 42 hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Tuanze na hesabu ya gari lako. Gari lililozimwa na kufungwa haliachi kula umeme: kompyuta yake, kumbukumbu ya redio, saa, kengele ya wizi na kipokezi cha rimoti vyote huendelea kunyonya kidogo kidogo, kwa kawaida kati ya miliampea 20 na 50 kwa jumla (miliampea elfu moja ni ampea moja), na ukifungiwa kifaa cha kufuatilia gari kiasi hicho huongezeka. Tuseme lako linakula miliampea 40. Kwa siku moja hiyo ni karibu ampea-saa 1, yaani umeme wa ampea moja kwa saa nzima, na kwa siku 42 ni ampea-saa 40. Betri ya NS60 ikiwa mpya na imejaa ina takriban ampea-saa 45. Kwa hiyo hata gari lisilo na hitilafu yoyote lingekuwa limeimaliza betri yako karibu yote kabla hujapanda basi la kurudi.

Kuishiwa chaji mara moja hakuiui betri ya risasi na asidi. Kinachoiua ni kukaa katika hali hiyo. Kila inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake; ikichajiwa mapema salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi, lakini ikiachwa kwa wiki kadhaa hugeuka chembe kubwa na ngumu zisizokubali tena kuyeyuka, na sehemu ile ya bamba huwa imekufa. Naamini betri zako tatu zimekufa kwa namna hii.

Zile dakika kumi za Jumapili nazo zina hesabu yake. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, altaneta inayozalisha umeme wake huzunguka polepole na sehemu ya umeme wake huliwa na injini yenyewe na feni, hivyo kinachoifikia betri katika muda huo ni ampea-saa chache tu, ilhali kwa wiki nzima gari limekula karibu 7. Mama anaweka kibaba mahali palipotolewa pishi, na juu ya hayo anachoma petroli na kuiachia injini unyevunyevu usiokauka kwa sababu haipati joto la kutosha. Mwombe aache.

Sasa chaja yenyewe. Chaja za zamani zenye transfoma nzito, zile ambazo bado ziko katika karakana nyingi, husukuma umeme bila kujali betri imejaa au la, na ndiyo maana fundi huzisikiliza kwa sikio na kuzizima anaposikia maji yanatokota. Niliwahi kumwachia fundi mmoja betri yangu jioni, akaenda zake kulala. Asubuhi nilirudishiwa betri iliyovimba ubavuni pamoja na maelezo kwamba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Chaja janja hufanya kazi kwa hatua. Kwanza huijaribu betri kama inapokea chaji, kisha huipa ampea zake zote mpaka volteji ifikie 14.4 hivi, halafu huishikilia hapo huku ampea zikipungua zenyewe, na mwisho hushuka hadi volti 13.5 au karibu na hapo na kubaki ikirudisha kile tu ambacho gari limekula. Hatua hii ya mwisho ndiyo ya kuitafuta katika maandishi ya boksi. Baadhi ya chaja za bei ndogo huitwa janja kwa sababu tu hujizima betri ikijaa, na zikishajizima haziamki tena hadi mtu abonyeze kitufe. Hizo zinamfaa mtu anayechaji betri usiku mmoja, wala si wewe.

Kuhusu ukubwa, kuitunza betri iliyojaa hakuhitaji nguvu, kwani hata chaja ya ampea 1 inaishinda mara nyingi ile miliampea 40. Tofauti huonekana unapoanza na betri iliyoishiwa: ya ampea 1 itahitaji zaidi ya siku moja na nusu kurudisha ampea-saa 35, na ya ampea 5 itaimaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja. Kanuni ya mafundi ya kuchaji kwa sehemu moja ya kumi ya ampea-saa za betri bado ni nzuri, na kwa NS60 inakupa ampea 4 au 5. Chaja ya ampea 20 ingeipa betri yako ndogo joto isilolihitaji, na ungelipia nguvu ambayo hutaitumia kamwe.

Lipo jambo jingine ambalo maelezo ya chaja zilizotengenezwa Ulaya hulipitia haraka, nalo ndilo ningelipa uzito kuliko yote kwa mtu anayeishi Dar es Salaam: chaja hufanya nini umeme unapokatika na kurudi? Nyingi zenye kitufe cha kuchagua aina ya betri husahau ulichochagua mara tu umeme unapozimika, na unaporudi husimama zikisubiri kubonyezwa. Umeme ukikatika siku ya tatu ya safari yako, siku 39 zilizobaki chaja itakuwa pambo ukutani, au mbaya zaidi itakuwa yenyewe inanyonya betri kupitia waya zake. Kwa hiyo usilipe kabla ya kufanya jaribio hili hapo hapo dukani. Omba ifungwe kwenye betri, chagua aina ya betri yako, zima swichi ya ukutani kwa dakika moja, kisha iwashe. Ikiendelea na kazi bila kuguswa, hiyo ndiyo chaja. Muuzaji akikataa jaribio, Kariakoo ina maduka mengi.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Kinapaswa kuandikwa volti 220 hadi 240. Vifaa vilivyotumika Japani huja nchini pamoja na magari, na huko umeme wa nyumbani ni volti 100. Chaja ya namna hiyo ukiichomeka kwako utasikia mlio mmoja tu. Pia hakikisha kwamba chaja inataja betri ya volti 12 na ukubwa wa betri inaoruhusu, kwa mfano ampea-saa 14 hadi 120, na kwamba ina kinga dhidi ya kugeuza chanya na hasi.

Kwa kuwa utaiacha kwa muda mrefu karibu na bahari, usitegemee vile vibanio vya meno ambavyo chumvi ya hewani itavila. Chaja nzuri huja na waya wa pili wenye pete mbili na fyuzi ndani yake. Pete hizo hukazwa kwa nati kwenye vichwa vya betri na kubaki hapo daima, nawe huunganisha chaja kwa plagi ndogo tu. Ukitumia vibanio, anza na chanya kwenye betri, kisha hasi kwenye chuma kitupu cha bodi au injini mbali na betri, na chaja ichomekwe ukutani mwisho kabisa. Wakati wa kutoa, anza na ukutani. Sababu ni kwamba betri inayochaji hutoa haidrojeni, na cheche moja juu yake inatosha kuipasua. Chaja iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe kwa tambara wala kulazwa juu ya injini. Usihofie gharama ya umeme: hata ikila wati 5 mfululizo, kwa siku 42 itatumia uniti 5 hivi za LUKU.

Kabla ya haya yote, mwombe fundi umeme apime gari lako linakula kiasi gani likiwa limefungwa, na asubiri angalau nusu saa ili kompyuta zilale kabla ya kusoma mita. Akikuta miliampea 200 au 300, una taa ya buti isiyozimika, diodi ya altaneta iliyoharibika, au kengele iliyofungwa ovyo, na hapo chaja itakuwa inaficha ugonjwa. Betri uliyo nayo sasa ichajiwe ijae, ipumzike saa 12 bila kuguswa, kisha ipimwe: volti 12.6 au zaidi ni nzima, 12.2 ni nusu, na ikisoma 10.5 maana yake seli moja kati ya sita imekufa. Hakuna chaja itakayofufua seli hiyo, hata iandikwe maneno gani kuhusu mitetemo ya kuondoa salfeti.

Ipo pia njia isiyo na gharama, ambayo kwa uaminifu lazima niitaje: legeza nati ya hasi kwa spana namba 10 na uondoe waya unapoondoka. Utapoteza saa, kengele na kifaa cha kufuatilia gari, na ikiwa redio yako ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani huenda ikakudai diski ya ramani au nywila kwa Kijapani kabla ya kukuimbia tena. Ukiweza kuvumilia hayo, hela ya chaja ibaki mfukoni.

SWALI: Nina Toyota Prius hapa Mombasa, na betri yake ndogo ya volti 12 iko nyuma kwenye buti. Jirani yangu ana chaja ya zamani ya ampea 10. Je, naweza kuiazima?
Msomaji, Nyali

JIBU: La, usiiazime. Betri hiyo ni ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo na imefungwa isiongezwe maji. Chaja isiyodhibitiwa inaweza kupanda juu ya volti 15, na maji yakishatoka kwa kutokota huna pa kuyarudishia. Tafuta chaja yenye chaguo lililoandikwa AGM, ya ampea 4 au 5, na usibonyeze kamwe lile chaguo la kukarabati betri, ambalo katika baadhi ya chaja hupandisha volteji hadi karibu 16 na limekusudiwa betri za maji zilizotolewa garini.

Betri ikiishiwa kabisa, buti halitafunguka kwa kitufe cha umeme. Fungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha inua boneti. Ndani ya kisanduku cha fyuzi kuna kichwa cha chanya kilichowekwa ili uipe betri ya nyuma umeme kutokea hapo. Waya za rangi ya machungwa usiziguse. Kama gari halikai zaidi ya wiki mbili bila kutumika, huenda huhitaji chaja: liwashe hadi taa ya READY iwake, funga breki ya kuegesha, na uliache hivyo kwa saa moja, kwa maana katika hali hiyo betri kubwa huichaji ndogo iwe injini inanguruma au imenyamaza.

SWALI: Mwandishi mpendwa, ninaishi Muscat na kila mwaka Julai na Agosti tunakwenda Zanzibar. Gari hubaki chini ya kivuli cha bati. Je, niliache na chaja janja miezi miwili bila mtu nyumbani?
Msomaji, Oman

JIBU: Chaja yako ikiwa na kipima joto, unaweza. Betri yenye joto huhitaji volteji ndogo: kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya 25, betri ya volti 12 inapaswa kupunguziwa takriban milivolti 20, hivyo chini ya bati lenye joto la nyuzi 45 zile volti 13.5 za kutunzia zinapaswa kuwa 13.1. Chaja isiyojua hivyo itaikausha betri yako polepole kwa miezi miwili mizima, nawe utasema joto la Oman ndilo lililoiua.

Hata hivyo, kwa nyumba isiyo na mtu mimi ningeondoa waya wa hasi. Betri nzima iliyotengwa na gari hupoteza asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi katika nyuzi 25, na kiasi hicho hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ikiwa ni 4 katika nyuzi 25, ni kama 16 kwa mwezi katika nyuzi 45, na baada ya miezi miwili utaikuta bado ina takriban asilimia 70, ambayo inatosha kuwasha gari. Ijaze kikamilifu usiku wa kuamkia safari, ondoa waya asubuhi, na ukirudi ipe chaja usiku mmoja kabla ya kuanza mizunguko ya mjini.