Kompyuta iliwaka dukani Arusha, imefika Moshi skrini ni nyeusi

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua Arusha kompyuta ya mezani iliyotumika, ikawashwa pale dukani nikaiona kwa macho yangu. Nikaileta Moshi kwa Hiace, halafu bodaboda hadi nyumbani. Sasa nikiwasha, taa inawaka, feni zinazunguka, inapiga pii pii pii, lakini skrini ni nyeusi. Fundi mmoja kaniambia mazabodi imekufa. Sijawahi kufungua kompyuta. Ndani kuna nini, na naweza kujiangalizia mwenyewe?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, usilipe hela ya mazabodi, ile sahani kuu ya ndani, kwanza. Mazabodi iliyokufa kabisa haina nguvu ya kupiga mlio. Mlio maana yake prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imeamka, imeanza kukagua vifaa, ikakuta kimoja hakiitiki. Mara nyingi ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na safari ya kilomita 80 hivi, ikamaliziwa na bodaboda, inatosha kabisa kuilegeza.

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Laza kasha mezani, si juu ya zulia. Fungua ubavu wa kushoto ukiwa umelitazama kwa mbele. Mengine yana skrubu mbili nyuma, mengine kitasa tu. Kabla ya kugusa chochote, shika chuma kitupu cha kasha, maana umeme tuli wa mwilini huua ramu bila wewe kuhisi.

Kasha lote hili wengi tunaliita sipiyu, lakini sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kipande cha karibu sentimita 4 kila upande, na hutaiona: imefunikwa na feni na bati la kupoza joto. Sahani pana iliyobeba kila kitu ndiyo mazabodi. Sanduku la chuma lenye rundo la nyaya ni pawasaplai, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Hilo usilifungue hata likiwa halina waya ukutani, kwani ndani hubaki umeme wa kukurusha. Likiwa na swichi nyekundu nyuma, isome 230. Ikiwa 115, hapa kwetu italipuka siku hiyohiyo.

Ramu ni vile vijiti vya sentimita 13 hivi, vimesimama pembeni ya prosesa. Bonyeza vibano vya ncha zote mbili, kijiti kitajinyanyua. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pande zote mbili, kisha pangusa makombo kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo. Mate huleta kutu. Wakati wa kurudisha, angalia ule mkato wa chini: haupo katikati, kwa hiyo kijiti kina upande mmoja tu wa kuingilia. Sukuma ncha zote mbili hadi usikie "ta" mbili. Wanaoanza huogopa kusukuma, wanaacha ncha moja juu, kisha wanasema ramu mbovu.

Kama vijiti ni viwili, rudisha kimoja tu, washa, halafu jaribu kingine katika nafasi ileile. Kikigoma kimoja, nenda nacho dukani ukanunue cha aina hiyohiyo. Ramu ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, mkato uko mahali tofauti.

Mlio ukiendelea, hesabu milio mirefu na mifupi, utafute maana yake kwenye kitabu cha modeli yako, kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake. Angalia pia nyuma: kama kuna kadi ya picha ya kuchomeka, waya wa skrini uingie kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la mazabodi. Kosa hili linadanganya hata mafundi.

Gusa bati la prosesa. Likicheza, pini zinazolishikilia zimeachia njiani. Usilibane tu hivyohivyo: litoe, futa ule uji mkavu wa kijivu wa kupitisha joto (thermal paste), weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, ndipo ulifunge kwa kukaza pembe zinazokabiliana. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi huku ukizuia feni kwa kidole isizunguke.

Na ikishawaka, tazama saa. Ikionyesha mwaka wa zamani, tovuti nyingi zitakugomea. Badilisha betri inayotunza saa, ile ya duara kama sarafu kwenye mazabodi, imeandikwa CR2032. Mpya hupima volti 3, na ikishuka chini ya 2.5 hivi haifai tena.