Ukiambiwa "wash up", ni vyombo au mikono?

Jioni ya kwanza nilipofikia kwa familia moja huko Minnesota, Marekani, mama mwenye nyumba alichungulia sebuleni akasema, "Dinner's ready, wash up!" Nikainuka upesi hadi kwenye sinki, nikashika sponji, nikaanza kusugua sufuria aliyotoka kuchemshia tambi. Shuleni nilifundishwa Kiingereza cha Waingereza, na kwao kauli hiyo ni kuosha vyombo. Mama yule akaja, akafunga bomba taratibu, akaniambia mgeni hafanyi kazi. Nyuma yake watoto walikuwa wanatoka bafuni, mikono inachuruzika maji. Nilikula nikiwaza nimewakosea nini.

Ilipita siku ya tatu ndipo nikaelewa. Mmarekani akisema "wash up" anakuambia unawe mikono, na uso pia ukiwa na vumbi.

Sisi Kiswahili kimetuzoesha kila kitu na neno lake: mikono tunanawa, mwili tunaoga, nguo tunafua, vyombo tunaosha, na kabla ya swala tunatawadha. Kiingereza kina "wash" inayobeba yote hayo, kisha kinategemea vineno vidogo vinavyofuata. Kwa hiyo usitafsiri haraka. Jiulize anayesema ni mtu wa wapi, na chakula kimeshaliwa au bado. Mwingereza akimaliza kula akasema "I'll wash up", amejitolea kuosha vyombo, mwachie au msaidie kufuta.

Wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Uingereza nawasihi sana washike hili: "do the washing" ni kufua nguo, "do the washing-up" ni kuosha vyombo. Hako ka-"up" ndiko kanakokutoa kwenye kapu la nguo na kukupeleka jikoni. Hata sabuni ya vyombo huko ni "washing-up liquid". Marekani utaiomba kwa jina la "dish soap".

Kuna maana nyingine ya pwani. Kitu kilichosukumwa na bahari hadi ufukweni, Kiingereza husema kime-"wash up". Mwaka 2016 kipande cha bawa la MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea 2014, kilipatikana Pemba. Kwa Kiingereza ungesema "it washed up on Pemba". Hapo hakuna aliyeosha chochote, ni mawimbi tu yamekileta.

Ila mtu akiitwa "washed up" ni kauli nzito, kwamba enzi zake zimekwisha na hategemewi tena. Usimwambie mwenzako, hata kwa utani.

Wewe unapozungumza, sema "wash the dishes" au "wash my hands". Utaeleweka London na Chicago. Na ukiambiwa "wash up" ukasita, uliza tu: "Hands or dishes?" Mimi siku hizi nauliza, na hakuna aliyewahi kukasirika.